Seli zinazogoma kufa: lukemia sugu kwa jicho la mlangoni

Ukimuuliza mtu yeyote saratani ni nini, atakwambia ni seli zinazogawanyika ovyo, hazina breki. Jibu hilo si baya, na kwa saratani nyingi linatosha kuanzia mazungumzo. Shida ni kwamba kuna saratani moja ya damu ambayo ukichukua tone la damu ya mgonjwa ukaliweka chini ya hadubini, unakuta limfositi zimejaa tele, na karibu zote zimetulia tu. Hazigawanyiki. Zimekaa. Ukiitazama moja moja, huwezi kuitofautisha kirahisi na limfositi ya mtu mwenye afya. Sasa kama hazigawanyiki, zimejaaje?

Fikiria daladala. Kila kituo wanapanda watu wawili watatu, kama siku zote, na konda wala hajashindilia abiria kwa fujo. Ila leo hakuna anayeshuka. Hakuna anayesema "shusha". Baada ya vituo kumi hakuna pa kuweka mguu, na ukimlaumu konda kwa kupakia utakuwa unamwonea.

Hicho ndicho kinachotokea, kwa sehemu kubwa, katika lukemia sugu ya limfositi, ambayo madaktari huiita CLL. Tatizo haliko sana kwenye kupanda, liko kwenye kushuka. Na mwilini, kushuka maana yake ni kufa.

Neno "sugu" hapa lisikuchanganye. Kwenye Kiswahili chetu cha hospitali tunalitumia kwa mambo mawili: ugonjwa unaokaa muda mrefu, na ugonjwa usiosikia dawa. Lukemia sugu ni sugu kwa maana ya kwanza. Inakwenda taratibu, mara nyingi kwa miaka, tofauti na lukemia kali inayoweza kumwangusha mtu ndani ya wiki chache. Lakini utaona mbele kwamba ile maana ya pili nayo hubisha hodi.

Kufa vizuri ni kazi

Wewe hapo ulipo, ukisoma, mwili wako unabadilisha seli kama bilioni 330 kwa siku. Ron Sender na Ron Milo wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walipiga hesabu hiyo na kuichapisha mwaka 2021. Ukiigawa, ni karibu seli milioni 4 kila sekunde, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo ni seli za damu. Kwa hiyo kama kuna mahali ambapo hitilafu ndogo kwenye ratiba ya kufa itaonekana upesi, ni kwenye damu.

Seli ina njia zaidi ya moja ya kufa, na tofauti zake si ndogo. Njia mbaya unaijua kwa macho: jipu. Seli zinapasuka, zinamwaga kila kilichokuwa ndani, tishu inavimba, inauma, usaha unajaa. Njia ya pili huwezi kuiona wala kuisikia. Seli inasinyaa, inakatakata DNA yake, inajifunga katika vifurushi vidogo, halafu inaweka alama nje: mafuta fulani ya kwenye utando, yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kawaida hutazama ndani, yanageuzwa yatazame nje. Seli walaji zinazopita zinasoma alama hiyo na kumeza vifurushi. Hakuna usaha, hakuna uvimbe. Ni kama mtu aliyefunga mizigo yake, akafagia chumba, akakabidhi funguo.

Njia hii ya pili ilipewa jina mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, wakiwa Aberdeen, Uskoti. Waliiita apoptosisi, neno la Kigiriki la kudondoka kwa majani mtini, na walilipata kwa msaada wa James Cormack, profesa wa Kigiriki wa chuo chao. Binafsi napenda jina hilo kwa sababu linasema jambo ambalo neno "kifo" linalificha: jani likidondoka mti haufi. Mti unaishi kwa sababu majani yanadondoka kwa wakati wake.

Kwamba kifo hiki kimeandikwa ndani ya jeni ilikuja kuthibitishwa na mnyoo mdogo wa udongoni, *C. elegans*, mwenye urefu wa kama milimita moja. Mnyoo huyu anapokua hutengeneza seli 1,090, na 131 kati ya hizo hufa. Zinakufa zilezile, kila mnyoo, kila mara. Hiyo si ajali, hiyo ni ratiba. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston huko Afrika Kusini, pamoja na Robert Horvitz na John Sulston walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyotokana na mnyoo huyo.

Jeni isiyotaka kuongeza seli

Turudi kwenye damu. Katikati ya miaka ya 1980, Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce, wakifanya kazi Philadelphia, walikuwa wanachunguza aina fulani ya limfoma ambamo kipande cha kromosomu ya 18 kinakatika na kubandikwa kwenye kromosomu ya 14. Mahali pa maungio walikuta jeni, wakaiita BCL-2. Enzi hizo jeni yoyote ya saratani ilidhaniwa ni ya kukanyaga mafuta, yaani ya kuharakisha seli kugawanyika. Ilionekana hii nayo itakuwa hivyohivyo.

David Vaux, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu huko Melbourne, aliijaribu pamoja na walimu wake Suzanne Cory na Jerry Adams. Walichukua seli za damu ambazo haziwezi kuishi bila homoni fulani ya ukuaji, wakaziwekea BCL-2, kisha wakaondoa ile homoni. Seli za kawaida zilikufa, kama ilivyotarajiwa. Zenye BCL-2 hazikufa, ila pia hazikuongezeka! Zilikaa tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988, na maana yake ilikuwa nzito: unaweza kupata saratani kwa seli kukosa kufa, bila kuhitaji kwanza iongeze mwendo. (Wanafunzi wenzangu mnaosoma hii mkiwa na jaribio ambalo halijaleta kile msimamizi alichotarajia, msilitupe haraka.)

Yanayotokea mlangoni

Ili uelewe dawa nitakazozitaja huko mbele, inabidi uijue familia hii ya protini. Majina yake yanachosha lakini kazi zake ni rahisi.

Uamuzi wa seli kufa au kuishi hufanyika kwenye ukuta wa nje wa mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nishati. Kuna protini mbili, BAX na BAK, ambazo zikiamshwa hutoboa ukuta huo. Kupitia matobo hayo huvuja protini iitwayo saitokromu c. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba saitokromu c ni mfanyakazi mwema kabisa: ikiwa ndani, kazi yake ni kubeba elektroni ili nishati itengenezwe. Ikishatoka nje tu, inageuka kuwa king'ora. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang ilionyesha kwamba king'ora hicho ndicho kinachoamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, na kaspasi ndizo zinazoikata seli vipande kwa ndani. Kwa kawaida, tobo likishatoboka, seli haina pa kurudi.

Nani anaamsha BAX na BAK? Ni wajumbe. Kila mjumbe ana habari yake mbaya. PUMA hutumwa DNA ikiharibika. BIM hutumwa seli ikikosa matunzo, kwa mfano homoni zikikatika. Na nani anawazuia wajumbe? Walinzi: BCL-2, na ndugu zake BCL-XL na MCL-1. Mlinzi hafanyi jambo kubwa. Anamkamata mjumbe kabla hajafika, anamshikilia mkono, basi. Mjumbe hajafa, ujumbe haujafutwa, umeshikiliwa tu.

Shika hilo la kushikiliwa, maana ndipo ugonjwa na dawa vinapokutana.

Kifo kilichoshikwa mkononi

Katika CLL, karibu kila mgonjwa ana seli zenye BCL-2 nyingi kupita kiasi. Sababu mojawapo ilipatikana mwaka 2002. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wamepoteza kipande cha kromosomu ya 13, na kwa miaka mingi watafiti walikitafuta humo jeni ya kawaida wasiione. Timu ya Croce, huyuhuyu wa mwanzo, ilikuta humo vijeni vidogo mno visivyotengeneza protini yoyote, miR-15a na miR-16-1. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kazi yake mojawapo ni kubana utengenezaji wa BCL-2. Kipande kikipotea, kibano kimepotea, walinzi wanajaa.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo mimi liliponifikia mara ya kwanza lilinifanya nisome aya ileile mara tatu. Tungedhani seli ya CLL iko mbali sana na kifo. Kumbe iko karibu nacho kuliko seli nyingi za kawaida. Maabara ya Anthony Letai huko Boston ilionyesha mwaka 2007 kwamba BCL-2 za seli hizi zimejaa BIM mikononi. Yaani wajumbe wameshatumwa, tena wengi. Seli imeshaambiwa ife, huenda mara nyingi, na kila mara mlinzi amemkamata mjumbe. Ni seli inayoishi huku mtego umeshategwa, na kidole kimoja ndicho kinachozuia usifyatuke.

Ushahidi wa udhaifu huo unauona ukizitoa seli za CLL mwilini. Seli zilizokuwa zikiishi muda mrefu ndani ya mgonjwa, ukiziweka peke yake kwenye sahani ya maabara, zinaanza kufa zenyewe ndani ya siku chache. Ukiziwekea seli jirani za kutoka kwenye uboho wa mifupa, zinaendelea kuishi. Kwa hiyo kugoma kufa si sifa ya seli peke yake. Inabembelezwa. Ndani ya tezi za limfu, zile tunazoita mitoki zikivimba, na ndani ya uboho, kuna majirani wanaoipa ishara za "endelea kuishi" kila wakati, na ishara hizo huongeza walinzi, hasa MCL-1.

Mfano wangu wa daladala lazima niutoboe kidogo hapa. Mwaka 2005 timu ya Nicholas Chiorazzi ya New York iliwapa wagonjwa wa CLL maji yenye hidrojeni nzito, ambayo huingia kwenye DNA ya kila seli mpya, ikapima seli ngapi huzaliwa kwa siku. Jibu: kati ya asilimia 0.1 na zaidi ya 1 ya seli zote za ugonjwa. Inasikika ndogo. Lakini mgonjwa anaweza kuwa na seli za namna hiyo trilioni moja, na asilimia 0.1 ya trilioni ni bilioni moja mpya kila siku. Kwa hiyo abiria wanapanda pia, na wanapandia zaidi kwenye tezi kuliko kwenye damu. Vitabu vya zamani vilivyosema CLL ni mrundikano tu vilikuwa sahihi nusu.

Hili linagusa familia moja kwa moja. Mzee anapimwa damu kwa sababu nyingine kabisa, anakutwa na CLL ya mwanzo, halafu daktari anasema: hatuanzi dawa, rudi baada ya miezi mitatu. Nyumbani kunazuka mgogoro. Wengine wanasema wametelekezwa, wengine wanaanza kukusanya hela za kumpeleka kwa mtu wa miti shamba. Lakini uamuzi ule una msingi. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1998 ulilinganisha wagonjwa wa CLL tulivu waliopewa mapema dawa ya klorambusili na wale waliosubiri hadi ugonjwa usogee. Waliowahi hawakuishi zaidi. Ukiwa na seli zinazokwenda polepole, na dawa inayolemea mwili, kusubiri kwa kuangaliwa ni matibabu. Kusubiri bila kuangaliwa ndiko kutelekezwa.

Dawa za kugonga na dawa ya kufungua mkono

Dawa za zamani kama klorambusili hufanya kazi kwa kuiharibu DNA. Watu wengi hudhani zinaua seli kwa uharibifu wenyewe. La. Uharibifu unagunduliwa na protini iitwayo p53, p53 inamtuma PUMA, PUMA inakwenda kwa BAX, tobo linatoboka. Dawa inagonga kengele tu. Anayeua ni seli mwenyewe.

Kwa hiyo fikiria mgonjwa ambaye seli zake zimepoteza kipande cha kromosomu ya 17, ambacho ndicho chenye jeni ya p53. Unagonga kengele, hakuna wa kuisikia. Miaka mingi hao ndio waliokuwa na matokeo mabaya kuliko wote, na hapo sugu ya maana ya pili inaingia chumbani.

Wakemia wakajiuliza: kwa nini tugonge kengele, wakati mjumbe tayari yuko mlangoni kashikwa mkono? Tengeneza kitu kinachoingia kwenye kiganja cha BCL-2 na kumsukuma BIM atoke. Jaribio moja la mwanzo, navitoklaksi, lilifungua mikono ya BCL-2 na ya BCL-XL pamoja. Seli za CLL zilikufa, lakini chembe sahani zikashuka vibaya. Sababu ni ya kupendeza, ukiiacha hatari yake: chembe sahani, ingawa hazina kiini, zina saa yake ya kifo, na kinachoizuia saa hiyo kugonga ni BCL-XL. Ukiifungua mapema, chembe sahani ambayo ingekaa kama siku 10 inaondoka kabla ya wakati, na mgonjwa yuko kwenye hatari ya kutoka damu.

Wakachonga upya, safari hii kwa BCL-2 peke yake. Ikapatikana venetoklaksi. Katika jaribio la kwanza kwa binadamu wenye CLL iliyorudi au isiyosikia dawa, lililochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 116 waliipata na asilimia 79 yao walionyesha nafuu inayopimika, wakiwemo waliopoteza ule mkono wa kromosomu ya 17. Inaeleweka: dawa hii haipiti kwa p53, inaanzia mbele yake. Marekani iliidhinisha mwaka huohuo.

Ila ilikuwa na nguvu hadi ikatisha. Ukiwa na trilioni ya seli zilizotegwa, halafu ukafyatua mitego yote usiku mmoja, seli walaji hazimalizi kazi. Potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki vinamwagika kwenye damu, figo zinazidiwa, moyo unaweza kusimama. Kwenye majaribio ya mwanzo kulitokea vifo vya namna hiyo. Ndiyo maana leo venetoklaksi inapandishwa kama ngazi: miligramu 20 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 50, 100, 200, na 400 wiki ya tano, huku mgonjwa akinywa maji mengi na kupimwa damu mara kwa mara. Ni dawa inayohitaji maabara iliyo karibu na inayojibu siku hiyohiyo. Ukijumlisha na bei yake, utaelewa kwa nini kwa wengi wetu huku bado ni habari ya kusoma.

Kuna dawa nyingine, ibrutinibu, inayokuja kwa mlango tofauti kabisa: inakata ishara zinazoifanya seli ing'ang'anie kwenye tezi. Mitoki inanywea, lakini kipimo cha damu kinaonyesha limfositi zimepanda, wakati mwingine mara mbili au zaidi. Asiyejua ataikimbia dawa. Kumbe seli zimefukuzwa kwa majirani waliokuwa wanazibembeleza, zimemwagika barabarani, na nyingi zitakufa kwa kukosa matunzo.

Na ugonjwa nao haulali. Mwaka 2019 watafiti wa Melbourne walikuta baadhi ya wagonjwa waliotumia venetoklaksi kwa muda mrefu wana BCL-2 iliyobadilika herufi moja tu, na kwa mabadiliko hayo dawa haishiki tena vizuri kiganjani huku BIM ikiendelea kushikwa. Seli nyingine huhamia kwa mlinzi mwingine, MCL-1. Ungesema basi tuifungue na MCL-1. Wamejaribu. Tatizo ni kwamba seli za misuli ya moyo nazo zinaitegemea MCL-1, na baadhi ya majaribio ya dawa hizo yalisimamishwa kwa sababu ya dalili za moyo kuumia.

Ndugu yake, CML

Lukemia sugu ya pili, ile ya mailoidi, yaani CML, ndiyo utakayoisikia zaidi kwenye kliniki za saratani Afrika Mashariki, na wagonjwa wetu huwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya. Dalili inayowaleta wengi ni bandama kubwa, tumbo limejaa upande wa kushoto. Huku kwetu bandama kubwa ina watuhumiwa wengi, malaria ya kurudiarudia na kichocho wakiwa wa kwanza, hivyo CML inaweza kuchelewa kutajwa. Kipimo cha picha kamili ya damu, kile cha FBP, huifichua: seli nyeupe ambazo kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila mikrolita zinakutwa zimepita 100,000.

Chanzo chake kinajulikana kuliko cha saratani karibu yoyote. Peter Nowell na David Hungerford waliiona kromosomu fupi ya ajabu huko Philadelphia mwaka 1960, na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ni kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Kwenye maungio huzaliwa protini ya BCR-ABL, na hii inafanya yote mawili kwa pamoja. Inakanyaga mafuta. Na kwa upande wa kifo, inaongeza mlinzi BCL-XL, halafu inambandika BIM alama ya takataka ili asagwe kabla hajafika popote.

Imatinibu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Glivec, inaziba kiwanda cha BCR-ABL. Katika jaribio la Brian Druker lililochapishwa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 54 waliopata dozi ya kutosha, 53 damu yao ilirudi kawaida. Na sehemu ya kazi hiyo inafanywa na BIM: BCR-ABL ikinyamaza, BIM haisagwi tena, inajaa, seli inakufa. Uthibitisho mzuri ulitoka Singapore mwaka 2012. Baadhi ya watu wa Asia Mashariki huzaliwa na pengo dogo kwenye jeni ya BIM linaloifanya isiue vizuri, na wakipata CML, imatinibu huwasaidia kwa shida zaidi.

Lakini imatinibu haizimalizi zote. Ndani ya uboho kuna seli shina za CML zilizolala, ambazo hazitegemei BCR-ABL ili kuishi. Hazifi. Dawa ikiondoka, zina uwezo wa kuanza upya.

Hapa ndipo biolojia inapoingia kwenye sahani ya mgonjwa. London, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 87 wa CML kwa vifuniko vya chupa vyenye kifaa kinachorekodi kila chupa ilipofunguliwa, wakachapisha mwaka 2010. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge, uwezekano wa kufikia nafuu kubwa ya kiwango cha jeni kwa miaka 6 ulikuwa karibu asilimia 95. Waliomeza asilimia 90 au pungufu: asilimia 28. Asilimia 10 ya mwezi ni siku tatu. Siku tatu tu! Na hao waliporuka dozi hawakuwa wanaumwa. Walikuwa wanajisikia vizuri.

Ninasisitiza hili kwa sababu huku kwetu dawa yenyewe imekuwa ikipatikana. Kupitia mpango wa GIPAP, Novartis na The Max Foundation walitoa Glivec bila malipo kwa wagonjwa Tanzania, kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, na Kenya pia. Kidonge ni bure ila nauli si bure. Mtu anatoka mkoani, bandama imenywea, nguvu zimerudi, anahesabu hela ya basi na ya kulala mjini, anaona mwezi huu apumzike. Kwa hesabu ya mfuko wake yuko sahihi. Kwa hesabu ya BIM, kila siku ambayo dawa haipo mwilini kiwanda kinafunguliwa, alama za takataka zinabandikwa upya, na seli iliyokuwa inaelekea kufa inapewa likizo.

Kuna wanaoweza kuacha kweli. Utafiti wa Ufaransa uitwao STIM uliwasimamisha imatinibu wagonjwa 100 ambao kwa miaka 2 au zaidi kipimo nyeti kabisa hakikuona hata chembe ya BCR-ABL. Takriban 4 kati ya 10 walikaa bila ugonjwa kurudi. Waliorudiwa, wengi ndani ya miezi 6 ya kwanza, waligunduliwa mapema kwa sababu walikuwa wanapimwa kila mwezi, wakarudishwa kwenye dawa na ikawafanyia kazi tena. Kipimo hicho kinaitwa PCR ya BCR-ABL. FBP haiwezi kukifidia, maana inaweza kusoma kawaida kabisa huku mamilioni ya seli za CML bado zipo. Ukiwa na ndugu mwenye CML aliyeanza kusema amepona, swali la kwenda nalo kliniki ni kipimo hicho kinafanyika wapi, kwa bei gani, na mara ya mwisho majibu yake yalisemaje.